Mazoezi Niliyofanya Juu ya Mkokoteni

Nakumbuka asubuhi moja nilipoingia chooni nikashindwa kuchuchumaa. Usicheke, mwanangu, au cheka kidogo kisha unisikilize. Choo chenyewe kilikuwa cha shimo, nyuma ya kinu cha posho cha mjomba wangu pale soko la Mutituni, na mlango wake ulikuwa gunia lililopigiliwa misumari. Nilishika mwimo kwa mikono miwili, nikajishusha pole pole, mapaja yakaniwaka moto, nikabaki katikati, si juu si chini. Nje wateja walikuwa wanasubiri unga. Mjomba akaniita, akaniita tena, mwisho akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza ndizi, "Kama umeanguka ndani, sema tulete kamba!"

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona. Ulirudi kutoka mazoezini ukichechemea, ukatapika juu ya maua ya mama yako, ukajitupa kwenye kiti na kusema kwamba basi, umeacha, mwili wako haukuumbwa kwa kazi ya kukimbia na uandikishaji wa askari waende nao watu wengine. Sikukujibu. Nilikuwa nakula, na mimi sipendi kutoa nasaha nikiwa na ugali mdomoni. Lakini nilicheka moyoni, maana maneno yako niliyajua yote. Niliyasema mimi kabla hujazaliwa, tena kwa kilio.

Nyinyi mnajua tu kwamba baba yenu alikuwa askari, na mmeviona vile viatu vyeusi chini ya kitanda ambavyo mama yenu kila Krismasi hutaka kuvitupa. Niliwaambia nilivipata kwa kushinda mbio. Ni kweli, ila sikuwaambia habari za punda.

Mimi nilizaliwa Kithimani, kule Yatta, ambako nchi ni tambarare hivi kwamba mgeni akija kwenu unamwona mapema, na mama anapata nafasi ya kumkimbiza kuku, kumchinja na kumchemsha kabla mgeni hajapiga hodi. Tulivaa viatu vya matairi, na mwiba wa Yatta hauheshimu tairi. Siku moja nikiwa kijana mdogo nilimwona askari sokoni akipita juu ya matawi ya miiba bila hata kuangalia chini. Anakanyaga tu, kra, kra, huku anatafuna muwa. Niliviangalia vile viatu mpaka akapotea. Tangu siku hiyo sikutaka kazi nyingine yoyote duniani.

Basi miaka ya tisini ikianza nikaenda kujaribu. Uandikishaji ulikuwa uwanjani Machakos mjini, na mbio zilitoka pale uwanjani zikapanda barabara ya vilima vya Iveti, kisha kurudi. Penye tambarare niliongoza, nikaanza hata kufikiria saizi ya viatu nitakayoomba. Mlima ulipoanza, miguu ikakataa. Nilikaa kando ya barabara nikitapika, huku vijana wa Kathiani, waliozaliwa kwenye miinuko, wakinipita wakizungumza habari za mpira. Walikuwa wanazungumza, mwanangu! Mimi hata pumzi ya kusema "maji" sikuwa nayo.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka uliofuata ulikuwa wa mwisho kwangu, maana baada ya hapo ningekuwa nimevuka umri wanaouchukua. Na baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Nenda kwa mjomba wako kule vilimani ujaribu tena. Ukikosa, urudi ushike punda wa kuteka maji. Mgongo wangu umeisha." Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilijiona nikiwafuata wale punda mtoni na kurudi, mtoni na kurudi, na viatu vya matairi, hadi meno yaning'oke. Niliogopa sana. Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka Mutituni.

Mjomba Kasyoki, kaka wa mama yangu, alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye unga kwenye nyusi mwaka mzima. Sijawahi kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta njiani. Lakini siku niliyofika alinikalisha juu ya gunia akanifundisha mambo ya mbio kana kwamba ameyasomea.

"Kwanza, lazima ukule," alisema. "Mimi siwashi kinu bila dizeli. Wewe utakimbia na nini?"

Kwa hiyo kila alfajiri, kabla sijatoka, alinipakulia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, bakuli lililojaa mpaka juu, na akasimama pale kuhakikisha nimelimaliza.

"Pili, usiambie mtu unakimbilia wapi. Watu wakijua unatafuta kazi, mmoja anaenda anachota mchanga ya unyayo yako, na mguu inakauka hivi hivi. Hata mimi usiniambie. Mimi niko na mdomo."

Hilo la mdomo lilikuwa kweli. Nikaapa nitanyamaza. Na nakuambia, mwanangu, katika ushauri wote niliowahi kupewa, huo ndio ulionigharimu zaidi. Ningemtajia mjomba jina la barabara hiyo siku ya kwanza tu, hadithi hii ingeishia hapo.

Nilitafuta mlima peke yangu. Si mbali sana na soko nikapata barabara ya vumbi, pana, yenye mwinuko mrefu uliopanda taratibu kuelekea kilimani. Nikasema huu ndio wenyewe. Nikafunga kamba za raba, nikajiombea, nikaanza kupanda.

Nilipanda kama mtu anayesukumwa mgongoni! Miguu ilikuwa myepesi, pumzi tele, yale mahindi yametulia tumboni. Nilifika juu nikijishangaa. Nikafikiri, kumbe mwaka ule mwingine nilikuwa tu na homa. Nikageuka ili nishuke, nikijua kushuka ni kupumzika.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Nusu ya mteremko mapaja yalikuwa yamekaza, kifua kinabana, na muthokoi ya mjomba ikaanza kuuliza njia ya kutokea. Niliitoa yote kwenye majani. Nikajipangusa, nikaendelea kushuka, nikasimama, nikashika magoti. Wakati nimeinama hivyo, wanawake watatu wakanipita wakitoka kuteka maji, kila mmoja na mtungi mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso. Walinipita kwenye mteremko, na mimi sikuwa nimebeba kitu. Mmoja, ajuza mwenye kilemba cha kijani, akageuka akanitazama kwa huruma.

"Wi museo, mwana wakwa?" aliniuliza. Habari yako, mwanangu.

"Ni museo, Susu," nikamjibu, na hapo hapo nikatapika tena. Susu ni nyanya, kwa Kikamba.

Ikawa hivyo kila siku. Kupanda napaa, kushuka nakufa. Asubuhi ya pili ndiyo ile ya chooni niliyokwambia. Misuli ya miguu ilikuwa inauma hata nikiguswa na shuka. Kupanda kitandani niliinua mguu mmoja kwa mikono, kisha nikaurudia mwingine. Mjomba aliona nimepungua akaongeza muthokoi.

Mwishowe nikaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole aliyetoka upande wa ziwani, mgeni pale kama mimi.

"Unaumwa na nini?"

"Daktari, nikipanda mlima niko sawa. Nikishuka natapika."

Akaweka kalamu chini. "Ukipanda?"

"Niko sawa kabisa. Hata naweza kuimba."

"Na ukishuka?"

"Kifua inabana, mapaja inawaka, natapika."

Alinitazama macho, akanitazama ulimi, akanigonga goti kwa kinyundo, goti likaruka vizuri. Akaniambia kwa ukweli kabisa kwamba ugonjwa huo hakuufundishwa, lakini angenipa dawa ya minyoo tuanze nayo. Sitamsema vibaya yule kijana, kwa sababu minyoo ilikuwepo na ilitoka. Ila kushuka kukabaki vile vile.

Sasa sikiliza jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi akitaka kukwepa maumivu. Nilikaa chini nikawaza: mbio za uwanjani zinaamuliwa kwenye kupanda. Kupanda mimi ninaweza. Kushuka ndiko kunakoniua, na kushuka hakuna maana, kila mtu anaweza kushuka. Kwa nini basi nijitese na kushuka? Nikaona nimegundua jambo kubwa.

Katika barabara ile alikuwa akipita bwana mmoja, Mwania, mwenye mkokoteni wa punda. Alikuwa anapanda na mapipa matupu kwenda kuteka maji na kushuka na mapipa yamejaa kuwauzia watu wa sokoni. Nilimwomba anirudishe chini nikimaliza kupanda. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Panda tu."

Basi mazoezi yangu yakawa hayo. Alfajiri napaa mlimani kama swala, kule juu nakaa juu ya mapipa, nateremshwa na punda, mikono nimekunja kifuani. Maumivu yakaisha. Kichefuchefu kikaisha. Nikaanza kuchuchumaa kama binadamu. Mjomba aliponiona natembea vizuri akawatangazia wateja wote kwamba mpwa wake amekomaa, kwamba mwaka huu Kathiani watalia, na kwamba siri ni muthokoi.

Ishara zilikuwepo, na nikizikumbuka leo huwa nafunika uso. Kwanza, sikujiuliza ni mto gani ule unaokaa juu ya mlima. Pili, tulipokuwa tukiteremka, Mwania alikuwa anaruka chini na kusukuma mkokoteni kwa nyuma. Anasukuma kwenye mteremko! Jasho linamtoka, punda anahema, ulimi nje, na mimi nimekaa juu nikiwaza, punda wa huku ni wavivu, wa kwetu Yatta wangeteremka hapa wakikimbia. Siku moja nilimwambia hata hivyo. Mwania alitema mate tu akasukuma.

Zilikuwa zimebaki kama wiki mbili hivi uandikishaji ufike, tukakutana na yule ajuza wa kilemba cha kijani. Alikuwa amepumzika kando ya barabara, mtungi wake wa plastiki umekaa karibu naye. Alipotuona alisimama katikati ya njia akainua mkono kama askari wa barabarani.

"Wewe kijana! Shuka hapo!"

Nikashuka. Ajuza akisema shuka, unashuka kwanza, maswali baadaye.

"Hiyo punda imekukosea nini? Imebeba maji, Mwania anasukuma mpaka mishipa inatoka, na wewe umekaa hapo juu kama bibi harusi. Huoni ni mlima?"

"Susu," nikamwambia kwa heshima, "hapa tunateremka."

Susu alimwangalia Mwania, Mwania akaangalia kwato za punda.

"Tunafanya nini?" Susu akauliza.

"Tunateremka. Mlima nimeshapanda asubuhi. Niko na mazoezi ya uaskari."

"Aiya! Mwania, hii mtoto umekuwa ukiibeba, hujaiambia?"

"Nilidhani ni mgonjwa wa kichwa," Mwania akasema. "Hao mimi huwa siwabishii."

Susu akafungua mtungi wake. Maji ya kule si kitu cha kuchezea, mwanangu, yule mama alikuwa ameyabeba kwa shingo yake. Akanisogeza pembeni, akayamwaga kidogo barabarani, pale vumbi lilipokuwa limekanyagwa likawa gumu. Akaniambia, "Angalia inaenda wapi."

Nikaangalia. Maji yalijikusanya, yakatetemeka, kisha yakaanza kutembea. Hayakwenda kule chini tulikokuwa tukielekea. Yaligeuka yakapanda mlima! Yalipanda taratibu, yakipita kando ya raba zangu, yakirudi juu kule mtoni, na mimi nikayafuata hatua kadhaa nimeinama kama kuku anayefuata mahindi.

"Hapa ni Kyamwilu," Susu akasema. "Mtoto yetu akianza kutembea anajua hapa macho inakudanganya. Kule unaona juu ndio chini. Kule unaona chini ndio juu. Wewe ulitoka wapi?"

"Yatta," nikasema.

Siku hizi kila mtu anajua Kyamwilu. Watu huja na magari, wanazima injini, wanapiga picha. Wakati ule kwa wenyeji ilikuwa barabara tu ya kwenda mtoni, na hakuna aliyefikiria kunieleza kitu ambacho hata punda alikijua. Na mjomba, ambaye angeniambia kwa neno moja, nilikuwa nimemficha kwa amri yake mwenyewe.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi nikalia. Sioni haya kukuambia. Nilihesabu wiki zote nilizotamba, nikaona nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuteremka kwa miguu na kupanda kwa punda. Niliwaona punda wa baba wakinisubiri Kithimani. Nikamwambia Susu, "Basi. Nitaenda nyumbani. Sijafanya mazoezi hata siku moja."

"Wacha uongo," akasema. "Zile siku za kwanza, nikikuona umeshika magoti, unatapika mpaka nyongo, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nash..."

"Ulikuwa unapanda. Miguu yako ilikuambia ukweli, wewe ukaamini macho. Mahali ulikuwa unaumia ndio mahali ulikuwa unapata nguvu, halafu ukaenda ukampatia punda hiyo nguvu. Sasa punda ndiyo inaweza kuandikwa askari."

Mwania alicheka hadi akashikilia pipa. Hata mimi nilicheka, machozi bado mashavuni.

Susu hakumaliza hapo. Alinionyesha mtungi. "Na hii maji nimemwaga kwa sababu yako, utanirudishia."

Nikachukua mtungi niubebe mkononi, kama mwanamume anavyobeba. Akakataa. Akanipa mukwa, ule ukanda wanaopitisha kwenye paji la uso, akaniambia mkono mmoja utanipinda mgongo kabla ya wakati. Wewe umekulia mjini, hujui uzito wa jambo hilo. Kwetu mukwa ni wa wanawake. Mwanamume akionekana na mukwa kichwani, habari inafika kwao kabla yake. Lakini mimi heshima yangu ilikuwa imeshateremka na yale maji, au tuseme imepanda nayo, sijui. Nikafunga mukwa, nikarudi mtoni nikateka maji, nikaubeba mtungi kuelekea kule nilikokuwa nikikuita chini, hadi nyumbani kwake. Wanawake wengine waliokuwa njiani walipiga vigelegele. Nilitapika mara moja tu, na Susu alinisubiri nimalize.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Nakimbia ule upande unaouma, narudi natembea, nakimbia tena, kisha nambebea Susu maji. Alipojua ninachokula kabla ya kutoka alishika kichwa. "Muthokoi? Alfajiri? Huyo mjomba anataka uzae?" Akaniamuru uji mwepesi, kikombe, na muthokoi nile nikirudi. Nilipolalamika kwamba miguu inauma, aliniuliza inauma mmoja au yote miwili. Yote miwili, nikasema. Akasema hiyo ni kazi, itapita, nikande kwa maji moto na nilale mapema. Ungekuwa mmoja, mahali pamoja, kama nadungwa na sindano, angeniambia nikae chini. Siku moja kisigino cha kushoto kilinichoma hivyo hivyo, na kweli alinikalisha, akaniambia nimchambulie maharagwe siku nzima. Sikupenda, lakini kesho yake kisigino kilikuwa kimepoa.

Siku ya uandikishaji ikafika. Uwanja ulijaa vijana kama mahubiri ya Pasaka. Walitupima urefu, wakatutazama meno na nyayo, wakatupanga, firimbi ikalia. Tambarare sikuongoza safari hii, nilijificha katikati. Barabara ya Iveti ilipoinuka nikasikia mapaja yanawaka. Tumbo likapanda kooni. Mwaka ule mwingine hapo ndipo nilipokaa. Lakini sasa nililijua lile tumbo, tulikuwa tumefahamiana. Nikajiambia, haya, leo ni mlima wa kweli, macho na miguu vinakubaliana. Nikatema mate ya uji, nikaendelea.

Karibu na pale pa kugeukia nilimpita kijana mmoja wa Kathiani ameshika kiuno, kimya kabisa. Nilitamani kumuuliza habari za mpira. Pumzi ya kumuuliza nilikuwa nayo, namshukuru Mungu, ila nilimwambia tu, "Twende, ndugu," akanifuata.

Uwanjani ofisa mrefu alikuwa amesimama kwenye mstari, akihesabu wanaoingia. Sikushinda, mwanangu. Hapo niliwaongezea chumvi. Nilifika kati ya wale wa mwisho mwisho waliochukuliwa, na mkono wa yule ofisa ulipoanguka kuwafungia waliobaki, upepo wake niliusikia mgongoni. Niligeuka nikamwona yule wa Kathiani, aliyenipita hatua za mwisho, naye ameingia, amelala chali kwenye majani.

Ofisa akanisogelea. Alikuwa mwenyeji wa Machakos, ilisikika kwa lafudhi.

"Wewe wa Yatta, jina lako nalikumbuka. Mwaka jana ulibaki barabarani. Mazoezi ulifanyia wapi?"

"Kyamwilu, afande."

Nyusi zikainuka. "Kyamwilu? Ulikuwa unapanda ama unashuka?"

"Mwanzo nilikuwa napanda nikidhani nashuka, afande. Halafu nikawa nashuka nikidhani napanda. Halafu nikapanda na punda."

Ofisa yule alijaribu kukaza uso. Alishindwa, akageuka nyuma, mabega yanamtikisika, kofia ikamwanguka. Aliporudi alikuwa na machozi. Akachukua kalamu ya wino akaniandika namba kifuani, akasema, "Enda ukae na wale wengine kabla sijabadilisha mawazo."

Mjomba aliambiwa habari yote siku hiyo hiyo, sasa siri ya nini? Alijipangusa unga kwenye nyusi. Kisha akasema bado ni muthokoi.

Viatu nilipewa chuoni, kule kwenye mafunzo ya uaskari. Nilivipokea kwa mikono miwili, nikavinusa. Nilivivaa, na kabla ya chakula cha mchana vilikuwa vimenichubua visigino vyote viwili hadi damu. Nikakaa kitandani nikivitazama, vile viatu nilivyoviota tangu utotoni, nikacheka peke yangu. Niliangalia visigino, nikaona vinauma vyote sawa. Nikajua ni kazi, itapita.

Likizo yangu ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwa Susu, sare imenyooka, viatu vinang'aa. Alinizunguka akinikagua mbele na nyuma. Alinishika uso akanitemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee wetu. Kisha akaingia ndani, akatoka na mtungi na mukwa.

"Sasa," akasema, "na leo maji inaisha."

Nikavua kofia, nikafunga mukwa, nikaenda mtoni na viatu vyangu vya askari. Hakuna siku niliyowahi kutembea kwa furaha kama ile.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami nakuambia wazi ili usiseme nilizunguka. Mwili unapouma baada ya kazi, usikimbilie kusema haukuumbwa kwa kazi hiyo. Ukiuma kote sawasawa, unajengeka, uvumilie. Ukichoma mahali pamoja, keti, na usione aibu kuchambua maharagwe. Kula kidogo kabla, kula vizuri baadaye. Siku utakayoona mazoezi yamekuwa raha tupu, unapaa bila jasho, usianze kutamba. Simama, mwaga maji kidogo chini, uangalie yanaenda wapi. Na ukiwa na jambo kubwa moyoni, mwambie angalau mtu mmoja anayeijua njia. Mimi nilificha siri yangu kwa kuogopa wachawi, kumbe aliyekuwa akiniloga ni mimi mwenyewe.

Mungu akupe miguu ya kupanda, na akupe macho ya kujua kama kweli unapanda. Akuwekee njiani ajuza wa kukushusha kwenye mkokoteni kabla hujachelewa. Uende ukijulikana, urudi ukiimba, na viatu vyako vikuchubue visigino vyote viwili sawasawa.

Sasa inuka ukande miguu, maji moto yako jikoni. Na kesho kabla ya kukimbia ukamwagilie yale maua ya mama yako, maana mimi sitakutetea tena.